Somo: Kuchunguza miamba na maji ya chini ya ardhi kabla ya kuzika taka za nyuklia

Wengi wakisikia eneo la kuzika taka za nyuklia huuliza kwanza mwamba ni mgumu kiasi gani. Nawaomba tuanze na maji. Mwamba hauendi popote. Kinachoweza kuzirudisha taka juu kwa watu ni maji yapitayo kwenye nyufa zake. Plutoni-239, mojawapo ya vitu vyenye mionzi katika taka hizo, hupungua nusu kila baada ya miaka 24,100, kwa hiyo swali letu ni maji hayo yatakwenda wapi muda wote huo.

Hatua ya 1: Soma ardhi kabla ya kuitoboa. Chora ramani ya miamba iliyo wazi, chemchemi na mipasuko. Kisha tuma mawimbi ya mtetemo ardhini upate picha ya tabaka. Usitoboe ovyo: kila shimo ni njia mpya ya maji uliyoifungua wewe.

Hatua ya 2: Toa kori. Keekee ya almasi hutoa mche mrefu wa mwamba. Hapa usiwe na haraka. Chukua lenzi, kagua ufa mmoja mmoja. Kutu ya njano au kahawia kwenye ukuta wa ufa huashiria kuwa maji yenye oksijeni yalifika hapo. Ukikuta pairaiti, madini ya chuma na salfa, bado inang'aa kama shaba ya manjano iliyo mpya, hiyo ni habari njema, maana oksijeni ingekwisha kuila.

Maji ya kupozea keekee yatie uranini, rangi ya kijani inayong'aa (si urani). Sampuli ya maji ikija na rangi hiyo, utajua ni kiasi gani ni maji yako mwenyewe uliyoyamwaga shimoni. Ukiruka hili, vipimo vyote vya kemia vitatiliwa shaka.

Hatua ya 3: Pima mtiririko. Teremsha mipira miwili inayovimba, ziba kipande cha shimo juu na chini, sukuma maji katikati na uangalie mgandamizo unavyoshuka. Kwenye mwamba kama granaiti, karibu maji yote ya shimo zima yanaweza kuwa yanaingia kupitia nyufa mbili tatu tu. Wastani utakudanganya, pima kipande kwa kipande. Baadaye acha vipima mgandamizo humo kwa miaka, masika na kiangazi.

Hatua ya 4: Tafuta umri wa maji. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ikionekana kwa wingi, maji hayo yalikuwa mvua baada ya majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950. Kwa maji ya kale zaidi tumia kaboni-14 na klorini-36, ambazo pia zina mionzi na hupungua polepole zaidi. Peleka sampuli kwenye maabara mbili. Huko Yucca Mountain, Marekani, eneo lililopendekezwa kuzikia taka za nyuklia, watafiti waliripoti klorini-36 ya mabomu ndani ya handaki, dalili kwamba maji yalishuka upesi. Wengine waliporudia vipimo hawakupata matokeo yale yale, na ubishi ukaendelea.

Hatua ya 5: Modeli ya mtiririko wa maji. Ijenge kwenye kompyuta, kisha ijaribu kwa shimo ambalo data zake hukuzitumia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mwamba upi ni bora?*

Marahaba. Ufini walichagua naisi, mita 430 hivi chini, huko Onkalo. Ufaransa wanachunguza mwamba wa mfinyanzi karibu na Bure. Marekani wanatumia chumvi huko WIPP, ghala lao la taka chini ya ardhi, mita 655 chini. Chumvi iliyodumu mamilioni ya miaka inaonyesha kuwa maji hayakuiyeyusha. Lakini machimbo ya zamani ya chumvi ya Asse, Ujerumani, yaliyowekwa taka, yalikuwa yamechimbwa karibu mno na ukingo wa chumvi. Maji ya miamba ya pembeni yakaingia, na mwaka 2013 sheria ikaagiza taka zitolewe. Kwangu mimi, jina la mwamba halitoshi kuchagua eneo.

*Mashimo ya uchunguzi tunayafanyaje?*

Yazibwe, hasa kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, na saruji pale inapofaa. Andika mahali pa kila shimo na kina chake tangu siku ya kwanza.

*Nimepata maji ya chumvi kali kina kirefu. Nifurahi?*

Mara nyingi ni dalili nzuri: maji hayo ni mazito, hayachanganyiki upesi na ya mvua. Ila chumvi nyingi hupunguza uvimbaji wa bentonaiti. Ijaribu maabara kwa maji hayo hayo uliyoyatoa shimoni, si kwa maji ya bomba.