Kuituliza Hofu ya Jukwaani
Mpiga gitaa ambaye vidole vyake hutetemeka kila anapopanda jukwaani Kinondoni si mgonjwa. Mwili wake umemwaga adrenalini, homoni inayoharakisha mapigo ya moyo na kumkausha mtu mate. Kabla ya kuitwa, vuta hewa kwa hesabu ya 4 na uishushe taratibu kwa hesabu ya 6, mara 10 hivi, kwa kuwa kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya moyo. Anza na wimbo ambao vidole vinaujua hata usingizini. Ule mgumu, anaoupenda kiongozi wa bendi, usubiri. Siku chache kabla ya onyesho, wapigie majirani gitaa uani, watoto wakicheka na bodaboda zikipita, maana mazoezi ya chumbani hayamzoeshi mtu macho ya watu. Ukikosea noti, usimgeukie mpiga besi. Shika mdundo, uendelee.