Riwaya nzito kikundini: anzeni kwa kusoma kwa sauti

Jumamosi, katika kikundi chetu cha kusoma vitabu, zamu ilikuwa ya The Road ya Cormac McCarthy, riwaya ya baba na mwanawe wanaosafiri katika dunia iliyoteketea, iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2007. Msifungue mjadala kwa "mmeionaje?", maana kitabu cha majivu na njaa hujibiwa "kinahuzunisha mno" na mazungumzo yakaishia hapo. Kila mtu aje na aya moja iliyomgusa, aisome kabla ya maoni yoyote. Kwetu watatu walichagua lile kopo la Coca-Cola: baba anampa mwanawe, mtoto anasisitiza baba naye apige funda. Sauti ya msomaji ikitetemeka, hata wakimya hupata la kusema. Njia hii haifai kama nusu yenu hawajamaliza kitabu. Na aliyefiwa karibuni msimlazimishe kusoma; asikilize tu.