Namna ya Kumtoboa na Kumtambua Mbawakawa wa Chuma

Ukichoma pini kwenye mgongo wa mbawakawa wa chuma, yaani wa nusufamilia ya Zopherinae, itakayopinda ni pini. Nosoderma diabolicum wa California (makusanyo ya zamani yanamwita Phloeodes diabolicus) alipimwa maabara akastahimili nguvu ya nyutoni 149. Mabawa yake ya juu yameungana kabisa, ndiyo maana haruki.

Ukimpata mdudu wa kuhifadhi, mgandishe kwenye friza kwa saa 48 ili afe. Usiridhike akitulia tu, kwani jamii hii hujifanya imekufa kwa muda mrefu.

Kabla hajakauka, hesabu vipingili vya nyayo, maana miguu mikavu hukatika na ushahidi unapotea. Mlaze chali, tumia lenzi inayokuza mara 20. Zopherinae wengi wana vipingili 5 mguu wa mbele, 5 wa kati na 4 wa nyuma. Ukikuta 4 kila mguu, yaelekea ni ndugu zao wa Colydiinae. Hesabu ya 5-5-4 peke yake haitoshi, kwa sababu Tenebrionidae, familia nyingine ya mbawakawa, nao wanayo. Tazama vipapasio pia: vya Zopherinae kwa kawaida ni vinene na huishia na kirungu cha vipingili 2 au 3.

Akiwa na mwili usio na mikwaruzo, wa duaradufu, na ana mifereji ya kulaza vipapasio chini ya kifua, huyo ni wa kundi la Monommatini. Hawa wapo Afrika na Madagaska, na hawafuatiliwi inavyostahili. Zamani walihesabiwa familia yao wenyewe. Mwaka 1999 wataalamu wa wadudu Ślipiński na Lawrence waliwaweka ndani ya Zopheridae, familia yenye Zopherinae.

Sasa toboa. Kwa pini ya wadudu namba 2 (unene wa milimita 0.45), tumia keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 0.5. Anzia bawa la kulia, karibu na kifua, kamwe si kwenye mshono wa katikati: hapo pande mbili zimefumana, na ufa ukianza huko unaharibu alama za utambuzi. Zungusha polepole bila kukandamiza, ukipuliza unga kila mara. Ncha itokee kati ya mguu wa kati na wa nyuma, isiguse maungio yake. Mdudu akizunguka kwenye pini, tia tone dogo la gundi upande wa chini.

Lebo ya kwanza iwe ya mahali, tarehe na aina ya mti ulipomkuta. Jina la kundi liende lebo ya pili, ili libadilishwe uainishaji ukibadilika.