Somo: Kununua Golf GTI Mk5 na kuitengeneza nyumbani

Golf GTI ya kizazi cha tano, Mk5, iliingia sokoni Ulaya mwaka 2004 na mwaka 2009 ikaipisha Mk6. Injini yake ni lita 2.0 yenye turbo, nguvu farasi 200, torki Nm 280 kuanzia mizunguko 1800 tu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Mk5 unayoiona Nairobi imeshakaa nchini muda mrefu na imepita mikononi mwa watu kadhaa. Tanzania bado unaweza kuagiza, ila ushuru wa uchakavu utakuuma. Kote kuwili unanunua gari la zamani lenye injini isiyosamehe uzembe, na bei yake ndogo ndiyo chambo.

Somo hili linahusu injini ya EA113 yenye mkanda wa taimingi, yenye kodi (herufi za utambulisho) AXX, BWA au BPY. Kodi imeandikwa kwenye stika iliyo ndani ya buti, karibu na tairi ya akiba. Mk5 za mwisho za soko la Marekani zina injini ya EA888 yenye cheni, na sehemu ya tapeti (kikombe cha chuma kinachosukuma pampu ya mafuta) hapa chini haizihusu.

1. Ukaguzi kabla ya kulipa

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, gusa injini. Kama ina joto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Soma namba ya chasi chini ya kioo cha mbele: huanza na WVWZZZ1KZ, na herufi ya kumi ni mwaka wa modeli, 6 ikiwa 2006, 7 ikiwa 2007. Ilinganishe na logibuku au kadi ya gari. Zikipishana hata tarakimu moja, ondoka.

Washa. Ikilia chuma kwa sekunde chache upande wa gia boksi kisha ikanyamaza, shuku cheni fupi inayounganisha kamshafti mbili pamoja na tenshena yake. (Ndiyo, injini ina mkanda na cheni pia: mkanda huzungusha kamshafti ya eksozi, cheni huipokeza ile ya intaki.) Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kikivutwa ndani kwa nguvu na injini ikaanza kuyumba, vali ya PCV, inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini, imechanika. Hilo si la kukufukuza. Ni la kupunguzia bei.

Chomeka mashine ya kusoma kodi. P2293 au P0087 ni presha ya mafuta, na kwenye injini hii wa kwanza kushukiwa ni tapeti ya pampu. P0299 ni turbo kukosa presha, mara nyingi vali ya kupumulia, inayoachia presha ya turbo ukiinua mguu. P0171 ni hewa inayoingia pasipostahili. Kumbukumbu ikiwa tupu kabisa kwenye gari la umri huu, imefutwa jana. Iendeshe nusu saa usome tena.

Kama ni DSG (gia boksi ya otomatiki yenye klachi mbili), nusu saa hiyo ndiyo mtihani wenyewe. Gia boksi ikiwa baridi huficha mengi. Ikishapata moto, tambaa kwenye foleni, panda mlima kwa gia ya kwanza, rudi nyuma ukiwa kwenye mwinuko. Kutetemeka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, au herufi za gia kumweka zote kwenye dashibodi, ni dalili ya mekatroniki (kompyuta na vali zinazoongoza gia) au klachi, na bili yake yaweza kula nusu ya bei ya gari.

Kutu: bonyeza madigadi ya mbele kwa kidole, pale ukingo wa tairi unapopanda. Nyuma ya plastiki ya ndani kuna sponji ya kuzuia kelele inayoshika maji na tope. Magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Dar huanzia hapo. Kisha weka kiganja chini ya kapeti ya mbele. Kukiwa na unyevu, mirija ya maji ya sanrufu imeziba au sili ya ndani ya mlango imeachia.

Nunua lenye risiti za mkanda na oili ya DSG hata kama bodi ina mikwaruzo. Lililopakwa rangi juzi, limeshushwa na lina rimu za inchi 19, mwachie mwingine.

2. Tapeti ya pampu: fanya hii kwanza

Pampu ya presha kubwa husukumwa na kamshafti ya intaki kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho hakina rola. Kinasuguana moja kwa moja na kamu. Kinga yake ni tabaka jeusi gumu na oili safi. Oili ikichakaa au ikichanganyika na petroli, tabaka hutoka, chuma hula chuma, kikombe hutoboka, na kamu huanza kupiga pistoni ya pampu. Kipuri cha bei ya matairi ya baiskeli huua pampu na kamshafti kwa pamoja.

Vifaa: tapeti mpya 06D 109 309 C, oringi ya pampu, Torx T30, spana ya 17, sumaku ya kijiti, miwani ya kinga na matambara.

a) Injini iwe baridi kabisa. Chomoa fyuzi ya pampu ya tangi, washa, iache izime yenyewe, halafu toa waya hasi wa betri. Injini ikifanya kazi, presha upande huu yaweza kuvuka bar 100, kwa hiyo usiruke hatua hii, wala pasiwe na mvuta sigara karibu.

b) Ng'oa kifuniko cha juu, ambacho ndicho pia nyumba ya filta ya hewa. Pampu iko mwisho wa silinda hedi, upande wa gia boksi. Chomoa soketi ya umeme, zungushia tambara, legeza nati ya bomba polepole.

c) Legeza boliti tatu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja. Springi inasukuma, ukimaliza boliti moja kabla ya nyingine, pampu itakaa upande na kukwaruza hedi.

d) Vuta tapeti kwa sumaku uitazame juani. Nyeusi yote: bado nzima. Duara la fedha katikati: tabaka limetoka, badilisha. Bonde au tundu: mulika kamu ndani. Ikiwa laini na inang'aa una bahati. Ikiwa na mifereji, tapeti mpya haitadumu. Kamshafti lazima itoke.

e) Zungusha injini kwa mkono hadi upande wa kamu usio na nundu ukutazame, ili springi isikupinge. Paka tapeti mpya oili, itie, weka oringi mpya, kaza boliti tatu kwa Nm 10, tena kwa zamu.

f) Rudisha fyuzi na betri. Fungua swichi mara tatu bila kuwasha, mafuta yajae. Washa, mulika bomba kwa tochi. Tone moja tu, zima.

Irudie kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Kutazama tu ni kazi ya saa moja.

3. Oili, plagi, koili

Lita 4.6 pamoja na filta, 5W-40 yenye kibali cha VW 502 00. Kikombe cha filta hufunguliwa kwa soketi ya 36 na hukazwa Nm 25. Boliti ya kumwagia Nm 30. Kwa joto na foleni zetu, badilisha kila kilomita 8,000. Plagi hufunguka kwa soketi ya 16. Injini ikimisi, hamisha koili ya silinda inayomisi uitie nyingine. Tatizo likihama nayo, umempata mhalifu bila kununua kitu.

4. Vali ya kupumulia na PCV

Vali ya kupumulia imefungwa kwenye turbo kwa boliti tatu za aleni 5, utaifikia kutoka chini. Matoleo ya mwanzo yana ngozi ya mpira inayochanika, ndipo gari hukosa nguvu ghafla. Funga ya 06H 145 710 D. PCV iko juu ya kifuniko cha vali. Ibadilishe nzima, usiipake gundi.

5. Mkanda wa taimingi

Huna risiti? Basi haujabadilishwa. Mkanda ukikatika, vali hugonga pistoni. Hesabu kilomita 100,000 au miaka mitano, na ubadilishe mkanda, tenshena, rola na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo. Lazima utoe maunti ya kulia ya injini na kuishikilia injini kwa jeki yenye kipande cha mbao. Boliti za maunti ni za kutumia mara moja. Maji ya rejeta yawe G12 au G12 Plus. Ukichanganya na yale ya kijani ya kawaida hugeuka uji na kuziba hita. Kama hujawahi kupanga taimingi, hii mpe fundi, lakini nunua spea mwenyewe.

6. Oili ya DSG

Kila kilomita 60,000. Ndani kuna lita 7.2, zinazotoka ni kama 5 tu. Gari liwe sawasawa juu ya stendi nne. Fungua plagi ya chini kwa aleni 14, oili itatoka kidogo; ndani kuna mrija wa plastiki wa aleni 8, utoe nao, ndipo inamwagika. Wengi huusahau mrija huu, kisha wanajaza oili mpya juu ya ya zamani. Badilisha filta ya juu, soketi ya 24, Nm 20. Rudisha mrija kwa mkono mwepesi, Nm 3, kisha jaza lita 5.2. Washa, kanyaga breki, pitisha gia zote, angalia joto kwa mashine: kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikinguruma, fungua plagi ya chini. Mchirizi ukigeuka matone, funga kwa Nm 45.

7. Chini ya gari

Ngo-ngo kwenye matuta kwa kawaida ni bushi za nyuma za kontroli amu, linki za stablaiza au maunti za shokapu. Ukifunga bushi mpya, usikaze boliti gari likining'inia. Lishushe likae kwa uzito wake ndipo ukaze. Vinginevyo mpira hujikunja muda wote na kupasuka baada ya miezi michache. Matairi ya 225/45 R17 yanafaa barabara zetu kuliko ya inchi 18. Boliti za magurudumu Nm 120.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Mkuu, nimeambiwa nimwage dawa ya kusafisha injini kwenye tangi nitoe masizi ya vali. Inafaa?

Jibu: Haifiki, mkuu. Petroli ya injini hii hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za intaki. Dawa ya tangi husafisha nozeli tu. Masizi ya vali hutolewa kwa kufungua manifoldi na kukwangua, au kupuliza chenga za maganda ya jozi. Hakikisha vali za silinda unayoisafisha zimefungwa, uchafu usidondoke ndani.

Mwanachama, Nairobi: Boss, taa ya EPC (onyo la mfumo wa umeme wa kanyagio la mafuta) inawaka mara moja moja, injini iko sawa. Nibadilishe throtli?

Jibu: Subiri. Mwombe mtu asimame nyuma, ukanyage breki mara kumi. Taa za breki zikichelewa au zikikosa, ni swichi ya breki, kipuri cha bei ndogo. Kompyuta ikiona breki na mafuta haviendani huwasha EPC. Zikiwa sawa, soma kodi kabla ya kununua chochote.

Mwanachama, Mwanza: Linakula oili lita moja kila kilomita 2,500. Injini imekufa?

Jibu: Hapana. Kiwanda chenyewe huvumilia hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, na wewe uko chini ya hapo. Anza na PCV, kisha chomoa bomba la intakula ukaguze kama lina dimbwi la oili. Ukungu mwembamba ni kawaida. Likiwa na oili ya kumiminika, pima mchezo wa shafti ya turbo kwa vidole. Moshi wa bluu asubuhi tu, unapowasha, kisha ukapotea: sili za vali.

Mwanachama, Mombasa: Kaka, nataka rimapu (kubadili programu ya kompyuta ya injini) ya hatua ya kwanza. Nianze lini?

Jibu: Baada ya kumaliza sehemu ya 2 hadi ya 6 za somo hili, si kabla. Rimapu hulipeleka gari farasi 240 hivi, lakini presha zaidi huchosha tapeti upesi. Itazame kila kilomita 10,000. DSG hii imepimwa kubeba Nm 350, na programu nyingi hufika hapo au kupita, kwa hiyo omba iliyozuiwa chini kidogo. Kwenye gia za mkono, klachi ya zamani ndiyo itakayoteleza kwanza: gia ya tano, mizunguko 2500, kanyaga mafuta yote. Sindano ya mizunguko ikiruka na mwendo haupandi, nunua klachi kabla ya rimapu.

Mwanachama, Dodoma: Kifuniko cha tangi kinasema petroli ya oktani 98. Huku tunapata wapi?

Jibu: 95 inatosha, nguvu itapungua kidogo kwa sababu sensa ya kugonga inarudisha taimingi. Chini ya hapo usiibane injini kwenye mzigo, na ukisikia mlio kama kokoto wakati wa kupanda mlima, achia mafuta, shusha gia. Jaza kituo chenye magari mengi.