Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kutoka Mwanza hadi Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wanaokuja kwangu kukata tiketi ya Guangzhou, China, huwa wameshaangalia simu na kuambiwa kwamba safari ni ya saa 11. Hesabu hiyo si mbaya, ila ni ya ndege ambayo haipo, kwa kuwa hakuna ndege ya abiria inayotoka Mwanza hadi huko moja kwa moja.

Kwanza, pima njia fupi. Chukua tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30 na kipande cha uzi wa nyavu, ambao pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, haukosekani. Shikilia ncha moja kusini mwa Ziwa Victoria, vuta ya pili hadi Guangzhou, ukaze mpaka uzi ulale wenyewe, lakini usizidishe, maana nailoni hutanuka. Utapata sentimita 21.5 hivi. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, hivyo sentimita moja ya tufe hilo ni takribani kilomita 425, na umbali wote unakaribia kilomita 9,100. Ramani ya ukutani haifai kwa kazi hii.

Pili, pima upya kwa vipande unavyosafiri kweli. Ukipitia Dar es Salaam na Addis Ababa, ni kilomita 850, kisha 1,760, kisha 8,040, yaani jumla ya 10,650.

Tatu, gawanya kila kipande kwa 850, ambao ndio mwendo wa ndege kwa saa ninaoutumia, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Utapata saa 1 na nusu, saa 2 na dakika 35, na saa 10: kama saa 14 angani. Wakati wa kurudi ongeza kidogo, kwa sababu pepo za juu zivumazo kutoka magharibi huikabili ndege.

Nne, jumlisha kungoja. Tuseme saa 4 Dar es Salaam na 3 Addis Ababa; safari imekuwa ya saa 21. Ukiondoka Mwanza 10:00, utafika saa yako ikisoma 07:00 ya kesho yake, na kwa kuwa China imetutangulia kwa saa 5, huko itakuwa 12:00.

Tano, na hapa ndipo watu hukwama, geuza saa za tiketi kuwa za Kiswahili: 10:00 ni saa nne asubuhi, 12:00 ni saa sita mchana. Mteja wangu mmoja aliisoma 07:00 kuwa saa saba mchana, akashuka kwenye bodaboda uwanjani saa tano asubuhi akijiona amewahi, ilhali ndege yake ilishatua Dar es Salaam zamani. Tangu siku hiyo huandika saa zote mbili kwa kalamu juu ya kila tiketi.