Boti ya faiba iliyotumika: kagua kabla hujalipa

Boti na mashine yake ya kufunga nyuma hutangazwa kwa bei moja, lakini hapo unanunua vitu viwili. Vitenganishe akilini. Faiba isiyooza ndani hudumu miaka mingi. Mashine iliyokunywa maji ya chumvi bila kusuuzwa hufa mapema, hata ikipakwa rangi. Rangi mpya kwenye mguu wa mashine ikufanye uulize maswali.

Nenda asubuhi, na muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa kichwa cha mashine: kikiwa na moto, imeshapashwa, nawe hutajua inavyowaka ikiwa baridi. Muombe ruhusa ulegeze skrubu ya chini ya oili ya gia, matone machache yakudondokee kidoleni. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi mkosaji ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela ukala sili (mpira wa kuzuia maji) ya shafti. Sili yenyewe ni bei ndogo. Beringi na gia zilizokwisha kushika kutu ndizo zitakazokula pesa. Unga laini mweusi kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida, vipande vya chuma sivyo.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote, chomoa klipu ya kuzimia, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho, fundi afunge geji na kuvuta kamba mpaka mshale uache kupanda. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Moja ikisoma psi 110 na nyingine 85, ringi au silinda imekwaruzika, kwa kawaida kwa joto au kwa oili iliyopunjwa. Mashine nyingi za toroki mbili (two-stroke), zinazotiwa oili ndani ya petroli, huchanganywa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Muulize muuzaji anachanganyaje. Akikujibu “nakadiria tu”, umeshapata historia ya mashine.

Ikiwaka, tazama maji ya kupozea yanavyotoka. Yakichuruzika kinyonge, omba iwe impela (feni ndogo ya mpira inayosukuma maji hayo), maana kuibadilisha ni kazi ya saa chache. Chumvi ikiwa imeganda kwenye njia za maji kuzunguka silinda, kichwa lazima kifunguliwe, na boliti zilizoshikwa na chumvi hukatikia humo humo.

Sasa nenda kwenye tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti unaobeba mashine, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami. Inua mashine, ifunge ikiwa juu, ushike mguu wake na kuusukuma juu na chini. Tezi ikicheza, au ufa ukifumbuka pembeni, mbao zilizofunikwa na faiba zimeoza. Gonga kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hulia kavu, penye uozo hulia mzito. Boti ikiwa mchangani, fungua kizibo cha ngama, tundu la kutolea maji yaliyokusanyika chini ya boti. Maji ya kahawia yanayoendelea kudondoka muda mrefu yametoka kwenye mbao au povu la chini ya sakafu. Boti hiyo itakuwa nzito na itakunywa mafuta siku zote. Tezi iliyooza bila fundi wa faiba wa kuaminika ni sababu tosha ya kuondoka.

Majaribio ya majini yafanywe na mzigo wako halisi, si watu wawili wepesi.

Hesabu inayoamua ni ya matunzo. Kila safari ya baharini inadai dakika 10 hadi 15 za kusuuza mashine kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), kwa bomba au ndani ya pipa. Kisiwani maji hayo hununuliwa, yaandike. Oili ya gia kila saa 100 za kazi au miezi 6, impela kila mwaka, zinki, kipande kinacholiwa na kutu badala ya mashine, ikibaki nusu (usiipake rangi, itaacha kufanya kazi). Mashine ya nguvu za farasi 40 ya toroki mbili ikikimbizwa kwa mafuta yote hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Zidisha kwa saa zako za mwezi na bei ya petroli ya kwenu, ongeza mlinzi na fundi, halafu toa siku ambazo kusi haitakuruhusu kutoka. Ukibaki na siku 4 za kazi kwa mwezi, kodisha. Boti inayolala haipumziki: petroli hugandia kwenye kabureta na chumvi huendelea na kazi yake.

Mwisho, linganisha namba ya mashine kwenye bano linaloishika tezini na ile ya karatasi, na uthibitishe usajili kwa mamlaka ya vyombo vya majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Kibandiko cha namba kikiwa kimebanduliwa, usianze hata kupatana bei.