Wiki ya udongo: namna ya kufundisha Darasa la Nne kwa mikono

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye darasa lililojaa, ubao mmoja na shule isiyo na maabara. Mada ni udongo na maji. Hapa Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo mtoto anafika shuleni akiwa tayari ameona baba na mama wakihangaika na mambo haya mawili. Isitoshe, udongo haununuliwi.

Kwa wiki nzima kanuni ni moja: mkono utangulie, ubao ufuate. Neno "mfinyanzi", yaani udongo unaonata na kufinyangika, usiliandike ubaoni mpaka watoto wawe wameshaufinyanga.

Kabla ya Jumatatu

Waombe wanafunzi walete chupa tupu za maji za lita moja na nusu na vipande vya kanga chakavu. Wewe nunua mabomba ya sindano ya mililita 20, mapya, bila sindano zake, duka la dawa lolote lililo karibu. Andaa pia manila, rula na ndoo mbili za maji. Ongea na mwalimu wa taaluma ubadilishane ratiba na wenzako upate vipindi viwili mfululizo kila siku, maana dakika arobaini hazitoshi.

Gawa makundi ya watoto sita, kila mmoja na kazi yake: mshika chupa, mpimaji, mtunza saa, mwandishi, msemaji na msafishaji. Kazi zizunguke kila siku. Usipozizungusha, utakuta yule yule hodari ndiye anayeandika wiki nzima, na msafishaji kila siku ni msichana. Kama darasa ni kubwa, nusu wafanyie nje chini ya mwarobaini.

Jumatatu: kugusa

Tafuta udongo wa aina tatu: mchanga wa korongoni, udongo wa kichuguu na ule mweusi wa chini ya mti au bustanini. Wa kichuguu uchukue wewe mwenyewe au mtu mzima mwingine, kwa sababu vichuguu vya zamani hukaa nyoka.

Kila mtoto achukue kiasi cha kujaa kiganja, aloweshe kidogo, kisha auviringishe kama kamba. Wa korongoni utamomonyoka. Wa kichuguu utatoa kamba nyembamba, hata utakunjika kuwa pete. Wa bustanini utaanza vizuri, halafu utakatika. Waache wabishane. Yupo atakayesema bibi yake huukandika ukutani udongo wa kichuguu, na ukiwa kijijini utasikia habari za tembe, nyumba za udongo. Yaandike maneno yao kwenye manila kama walivyoyasema.

Mwisho wa kipindi kila kundi lifinyange tonge moja la kila udongo, liyaanike juani mpaka Jumatano.

Jumanne: kutikisa

Tia udongo robo ya chupa, jaza maji mpaka karibu na shingo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iweke mezani na isiguswe tena. Mchanga hutua ndani ya dakika ya kwanza. Chembe ndogo zaidi hufuata kwa saa kadhaa. Chembe za mfinyanzi, ambazo upana wake haufiki milimita 0.002, huweza kuelea mpaka kesho yake na zaidi. Wapime kila tabaka kwa rula, wachore chupa yao kwenye daftari. Vipande vya majani na mizizi vinavyoelea juu msivimwage: hiyo ndiyo mboji, na kundi lenye udongo wa bustanini litakuwa nayo nyingi.

Jumatano: maji yanakwenda wapi?

Siku hii ipe muda kuliko zote. Anza na matonge. La mchanga husambaratika kwa kubonyezwa tu. La kichuguu mtoto atalikandamiza kwa viganja viwili, atalipiga chini, na bado litamshinda. Hapo wasimulie habari ya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na mabuldoza. Mvua haikutosha, na kiangazi udongo wenye mfinyanzi ukawa mgumu kiasi cha kuwa vigumu kuzing'oa karanga ardhini. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Mtoto mwenye tonge gumu mkononi haelezwi mara mbili.

Sasa kata chupa katikati. Mdomo ufunge kwa kitambaa na mpira, upande wa juu uupindue ndani ya upande wa chini kama faneli. Tia vikombe viwili vya udongo mkavu. Kabla ya kumwaga maji, kila mtoto aandike anachokisia: udongo upi utapitisha maji mengi? Makisio yasifutwe, hata yakiwa mbali na majibu.

Mimina mabomba kumi ya sindano, yaani mililita 200, polepole. Subirini dakika kumi. Pimeni yaliyodondoka chini. Kisha, na hapa wengi huteleza, pimeni pia maji yaliyotuama juu ya udongo kwa kuyavuta na bomba. Mfinyanzi huyaacha mengi juu. Mkitoa yaliyodondoka peke yake, mtadhani udongo umeyashika yote. Hesabu ni hii: 200, toa yaliyodondoka, toa yaliyotuama. Kinachobaki ndicho kilichoshikwa.

Uliza swali moja tu: kwa nini kiangazi watu huchimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka? Nyamaza. Jibu litatoka kwenye faneli zao.

Alhamisi: mmomonyoko

Kata madumu mawili kwa urefu, yatie udongo ule ule, yainamishe kwa tofali. Moja lifunike kwa nyasi kavu, jingine liache wazi. Nyunyizia maji kwa kopo lililotobolewa, kinga yanayotoka kwenye chupa mbili, zipange dirishani. Tofauti ya rangi wataiona hata walio nyuma kabisa. Ukiwa na muda, waeleze makorongo ya Kondoa na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na kwamba mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi ili majani yaote tena.

Ijumaa: kupima walichojifunza

Asubuhi kila kundi lichore grafu ya mihimili ya matokeo ya Jumatano kwenye manila, na msemaji aieleze mbele ya wenzake. Baadaye toa jaribio: kila kundi lipewe mfuko wa udongo usio na jina, nao waseme ni wa aina gani, wamejuaje, na wangepanda nini humo. Alama nyingi zipe "wamejuaje". Kundi likisema mfinyanzi kwa sababu uliviringika na maji yakatuama juu, limefaulu, hata kama tahajia ina makosa.

Maji yote ya wiki yamwagieni miti ya shule. Udongo urudi ulikotoka, na chupa zioshwe zikae kabatini kwa mada ya uchujaji wa maji.